Jalada la Atlasi

Kila asubuhi kabla ya chai, Kurasa alitandaza vitabu vyake kitandani, kisha akavipanga kwenye mkoba, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, fundi wa kujalidi vitabu, kwa sababu hakuweza kupita karatasi yenye maandishi bila kuisoma, hata kama ilikuwa ya kufungia sabuni. Vitabu vyake vyote baba alivivika majalada ya kaki, pembe zimenyooka kana kwamba zimepigwa pasi.

Siku hizi kitabu kimoja kilimnyima raha. Jalada la nyuma la atlasi yake lilikuwa nene kuliko la mbele.

Wazazi wake walikuwa wameachana, na mahakama iliamua Kurasa aishi na mama, baba awe anamwona Jumamosi. Lakini wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne, baba alimfuata shuleni.

"Mama anajua," alisema.

Mama hakujua. Polisi waliwakuta ndani ya basi la kwenda nchi jirani, kabla halijaondoka. Walipekua begi la baba hadi soksi. Mkoba wa shule hawakuugusa. Kituoni, askari mmoja wa kike alimpa Kurasa kiti chake, naye akabaki amesimama. Kabla ya kupelekwa rumande, baba aliinama akanong'ona, "Atlasi usimpe mtu. Ni siri yetu."

Jioni moja Bibi, mama yake baba, alifika kutoka mahakamani, viatu vimejaa vumbi. Mama alimletea maji kabla hajaomba.

"Wamempa dhamana, Mama?" alimuuliza mkwewe.

"Bado, mwanangu. Mwendesha mashtaka amepinga. Pasipoti ya mtoto haijaonekana, na baba yake anasema imepotea. Wanaogopa kwamba akitoka atamchukua tena wavuke mpaka. Tumeambiwa turudi Alhamisi."

"Sitaki akae ndani," alisema mama taratibu. "Ila hata mimi naogopa hilo hilo. Nikilala naota kitanda cha mtoto kitupu."

"Nani asiyeogopa? Nimejitolea kumdhamini. Hakimu akaniuliza, 'Bibi, nitajuaje kwamba utatuambia ukweli kuhusu mwanao?'"

Kurasa aliyasikia yote. Alikwenda chumbani, akarudi ameikumbatia atlasi.

"Bibi, nikisema kitu, baba atafungwa?"

Bibi alimtazama. "Sijui, mjukuu wangu. Siwezi kukudanganya."

Kurasa alisimama kidogo, kisha akaiweka atlasi mapajani mwa Bibi. Bibi alipitisha kidole kwenye ukingo wa jalada.

"Hapa hapana gundi," alisema. "Mwanangu hajawahi kuacha jalada bila gundi. Hata daftari langu la hospitali alilibandika, daktari akashindwa kulifungua!"

Mama alicheka bila kutaka. Bibi akakunjua kaki, na pasipoti ya Kurasa ikadondoka.

Bibi aliiokota, akaifungua, akaifunga tena. Mama hakumharakisha.

"Nitaipeleka mwenyewe," alisema Bibi hatimaye.

Alhamisi, Kurasa alisubiri katika ofisi ya afisa ustawi wa jamii, mwisho wa korido ya mahakama. Alishamaliza kusoma matangazo yote ya ukutani wakati afisa alipoingia na Bibi, macho ya Bibi yakiwa mekundu.

"Baba anatoka?"

"Anatoka leo, kwa masharti," alisema afisa, akavuta kiti wakae ana kwa ana. "Kuificha pasipoti ni jambo baya, na hakimu hakulifumbia macho. Lakini dhamana si msamaha. Hakimu anajiuliza: huyu akitoka, atarudi siku ya kesi? Na mtoto atakuwa salama? Sasa pasipoti yako na ya baba ziko mahakamani. Kila Jumatatu ataripoti polisi. Asikaribie shule yako wala nyumba yenu. Mtaonana humu, Jumamosi, nami nikiwepo. Kesi yenyewe bado ipo."

"Na wewe, Bibi?"

"Hakimu amesema, mama anayeleta mwenyewe kitu cha kumuumiza mwanawe, huyo anaweza kuaminiwa kumchunga."

"Baba amenikasirikia?"

"Aliinamisha kichwa. Kisha akauliza kama kitabu kimechanika."

Jumamosi baba alikuja, amekonda, akiwa na karatasi mpya ya kaki na kopo la gundi. Aliivika atlasi taratibu mbele ya afisa, akabandika pembe zote nne. Afisa alilibonyeza jalada la nyuma kwa dole gumba.

"Jembamba," alisema, na Kurasa akacheka.

Baba hakucheka. Alimsogezea atlasi.

"Nilikubebesha mzigo wa mtu mzima, mwanangu. Siri inayomkosesha mtoto usingizi si yake kuitunza. Amwambie mtu mzima anayemwamini. Ulifanya vizuri kuutua. Ilinipasa niutue mimi kwanza."

Kurasa aliitia atlasi mkobani, nyuma, pamoja na vitabu vikubwa.