Bwana Mifugo na Ng'ombe wa Mzee Mughwai

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya misheni hapo Mungaa, Damari alikuwa anamkamua ng'ombe Madoa. Maziwa yale ndiyo yalimlea mdogo wake, Martha, aliyekuwa ameachishwa kunyonya juzijuzi tu.

Asubuhi moja, kibuyu hakijajaa, mtu kaingia zizini. Weee! Kaptula ya kaki imenyooka, soksi ndefu, kofia ngumu kama ya Mzungu! Vijana wake wako nje, wanachunga ng'ombe waliokusanywa kwa majirani.

"Mimi ni Bwana Mifugo, natoka Boma Singida. Kuna sotoka!"

Sotoka! Baba Damari, Paskali, akashika kichwa. Siku zile za Mwingereza, ugonjwa huo ukiingia kwako, unabaki na ngozi tupu.

Yule bwana akampita dume aliyekonda, akampita ndama, akasimama kwa Madoa, mnene kuliko wote.

"Huyu anaumwa. Anakwenda karantini."

"Anaumwa wapi?" Damari akaruka. "Jana kala mpaka kacheua!"

"Nyamaza!" baba yake akamkemea. "Unabishana na Serikali?"

Kamba ikaingia shingoni. Damari akamwona Martha mlangoni, kikombe mkononi, anasubiri.

"Lakini baba, Madoa si wetu!"

Paskali akashtuka. Kweli! Kwetu Wanyaturu, mwenye ng'ombe wengi humpa rafiki yake ng'ombe mmoja amtunzie. Maziwa unakunywa wewe, ng'ombe anabaki wake. Madoa alikuwa wa Mzee Mughwai, ng'ambo ya mbuga.

"Huyo mwenyewe ataambiwa baadaye," Bwana Mifugo akasema.

"Hapana, bwana. Hata ng'ombe akifa, lazima nimwonyeshe mwenyewe ngozi yake. Nitamtazamaje usoni? Damari, kimbia ukamwite!"

Damari huyo! Akakata mbuga, miiba ikamchoma, hakusimama. Huku nyuma yule bwana akapewa kigoda na maziwa ya mgando. Akakaa, kanyoosha miguu. Mzee wa shamba atamfanya nini mtu wa kofia kama ile?

Mzee Mughwai akafika anahema, Damari mbele yake. Akamtazama mgeni. Akamtazama tena.

"Daktari!"

"Daktari gani, mzee?"

"Si wewe daktari wa meno wa mnadani Sepuka? Ukaning'oa jino zima, lililooza ukaliacha! Haya, oneni!" Akapanua mdomo, majirani wote wakachungulia.

"Umenifananisha."

"Nikufananishe? Ulinikalia kifuani, pua yako juu ya yangu!"

Watu wakaangua kicheko. Yule bwana hakucheka. Akachomoka mbio kuelekea uani, akaparamia boma la miiba, na miiba ya Singida haijui cheo! Ikamkamata soksi, ikamkamata kaptula. Akabaki ananing'inia, analia, "Niteremsheni, ndugu zangu!"

"Ngoja tumwite Bwana Mifugo akuteremshe!" jirani mmoja akamjibu.

Wakamteremsha, wakampeleka kwa jumbe, naye akampeleka Boma kwa mabwana wa kweli. Vijana wake walikuwa wameshatimka, na ng'ombe wote wakarudi kwa wenyewe.

Damari akamaliza kukamua, akamjazia Martha kikombe. Paskali akaja akachuchumaa karibu yake.

"Mwanangu, mimi nilitazama kofia. Wewe ulimtazama ng'ombe. Mtu mwenye cheo tumheshimu, tumpe kigoda. Lakini tumuulize. Na kitu ulichoaminiwa usikitoe mpaka mwenyewe ajue, hata kama anayekitaka anakutisha. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Haya, kimbia tena. Shule wameshaingia."

Damari akakimbia.