Boga la Kichanjani

Basi lilisimama Mkata dakika kumi tu, na wauza mahindi ya kuchoma wakayavamia madirisha. Grasiana alishuka na gauni lake la kitenge cha njano na haraka zake. Aliyapita mahindi, akaipita mihogo, akasimama mbele ya rundo la maboga na kuanza kuyagonga moja moja.

"Dada, hiyo si milango," alisema muuzaji, kijana mrefu aliyevaa shati lililonyooka kwa pasi kama anakwenda harusini.

"Nataka lenye unga. Likiwa la maji, pai yangu inageuka uji."

"Pai ya boga? Si mnachemsha tu mkatia chumvi?"

"Nyie ndio mnachemsha, kwa sababu hamjaonjeshwa."

Kijana huyo, Gregori, alicheka mpaka wenzake wakageuka. Alimchagulia boga, akambebea hadi mlangoni mwa basi, na kabla dereva hajapiga honi ya pili, alikuwa ameshapata namba yake.

Wiki tatu wakapigiana simu kila jioni. Grasiana alikuwa jikoni kwake Old Korogwe, anatwanga iliki na mdalasini, simu ameibana begani.

"Umefika wapi, mpenzi?"

"Nimetandaza kinyunya cha unga kwenye sufuria. Sasa namimina boga, mayai na tui. Mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko."

"Na mimi unaniweka wapi?"

"Juu ya mfuniko, pamoja na mkaa. Maboga yako yote yana maji!"

Neno hilo lilimchoma Gregori. Alirudi nyumbani, akapanda kwenye kichanja cha juu ya jiko ambako mama yake alikuwa ameweka boga moja kavu, la mbegu za kupanda vuli, akalishusha na kumpa kondakta alipeleke Korogwe.

Pai ilisimama imara, rangi ya dhahabu, harufu yake ikavuta majirani. Mbegu Grasiana alizikaanga kwa chumvi, akazitafuna zote. Angejuaje?

Kesho yake simu iliita kwa namba ya Gregori. Sauti haikuwa yake.

"Wewe ndiye Grasiana?"

"Ndiyo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shikamoo yako haioti shambani! Hujaolewa, tayari unaagiza boga langu la mbegu? Mwanangu kanieleza ulivyomng'ang'ania."

Grasiana alisubiri hadi jioni, akampigia Gregori.

"Mimi niliagiza boga la mbegu?"

"Hapana, Grasi. Mama alifoka sana. Nilisema vile ili yapite."

"Yapite juu yangu."

Akakata. Alimpenda, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Lakini mwanamume anayejificha nyuma ya gauni la mchumba leo, kesho atajificha nyuma ya watoto. Gregori alipiga mara kumi na nne. Hakupokea hata moja.

Jumapili, baada ya ibada, Grasiana alikuwa anakanda unga wa pai aliposikia hodi. Mlangoni alisimama Gregori, jasho linamtoka, na pembeni yake mama mnene mwenye khanga mbili na uso uliofungwa.

"Shikamoo, mama. Karibuni."

"Marahaba. Huyu kaniburuta hadi huku, hataki kusema kwa nini."

"Nasema sasa," Gregori alijibu, hata kabla ya kukaa. "Mama, Grasiana hakuagiza lile boga. Hakujua kama lipo. Nililichukua mwenyewe, ulipouliza nikaogopa, nikamsingizia."

Mama alimtazama mwanawe kutoka kichwani hadi viatuni.

"Mbegu nitaomba kwa jirani," alisema hatimaye. "Mwana mkweli ningemwomba kwa nani?" Akamgeukia Grasiana. "Binti, nilikutukana bure. Nisamehe."

"Yameisha, mama."

"Na mimi?" Gregori aliuliza.

"Wewe bado." Grasiana alifuta unga mikononi. "Ukikosea tena, utasema kabla hujaulizwa?"

"Nitasema. Grasi, nataka kukuoa. Sina maneno mengine."

"Basi mshenga aje kwetu Jumapili ijayo. Na wazazi wangu wakiuliza tuligombana kwa nini, ataje jina la mkosaji."

"Nitamwandikia kwenye karatasi."

"Andika kwa herufi kubwa," mama yake alisema, huku akivuta kigoda karibu na meza na kumtazama Grasiana. "Haya, mwanangu, hiyo pai inaiva saa ngapi?"