Sumaku Haikushika kwenye Benzi ya Mchumba

"Mbona imeanguka?" Daktari aliuliza, akiitazama sumaku pale sakafuni.

Bi Sumaku, mkaguzi wa magari ya kale, aliiokota. Daktari huyu wa meno mstaafu, mkusanyaji wa magari, alikuwa amemwita amlinganishie magari mawili ya Kijerumani, anunue moja. Kwenye Porsche nyekundu sumaku ilinata kila kona. Hii Benzi ya rangi ya fedha ilikuwa ya Nyundo, fundi bodi, mchumba wake. Harusi ilibakiza wiki tatu.

Aliijaribu tena mlangoni. Juu ilishika, chini ikaanguka. Chini ya rangi kulikuwa na puti tupu, ule udongo wa kuzibia bodi, si bati!

Nyundo alikuwa kando, akifuta mikono iliyokwisha takata. Kila alipoulizwa habari za Benzi hii alijibu, "Utaiona siku ya ukaguzi." Kumbe! Mchumba wa kwanza alimdanganya Bi Sumaku miaka miwili, naye akaapa hatakubali tena. Akisema, anamwaibisha mumewe mtarajiwa. Akinyamaza, anaolewa na mwongo.

"Nasubiri, binti yangu. Nichukue ipi?"

"Kwa raha ya barabarani, Benzi. Imetulia, gia zinaingia bila kubembelezwa. Porsche ina mbio, ila injini iko nyuma. Ukizembea kwenye kona, inakuzungusha." Akaugonga mlango wa Benzi. "Lakini wewe ni mkusanyaji, unataka bati la asili. Chukua Porsche. Mlango huu umejazwa puti."

Kisha akamgeukia Nyundo. "Kwa nini ulinificha?"

"Mwenye kununua anajua."

Daktari, aliyekuwa ameuliza makusudi, akatoa simu, akasoma meseji ya juzi kutoka kwa Nyundo:

"Daktari, mlango wa kushoto uliliwa na kutu, nikaujaza puti. Mkaguzi ni mchumba wangu na hajui. Tafadhali usimwambie."

"Usimwambie?" Bi Sumaku alimtolea macho.

"Ningekwambia, ukasema kweli, watu wangesema nimekufundisha. Ungekosea kidogo, wangesema umenibeba. Kazi yako ni jina lako, mpenzi. Sikutaka kulichafua."

Bi Sumaku akacheka huku machozi yanamtoka.

"Mwanaume wewe! Moyoni nimekwisha kukuacha mara tatu, hapa hapa nilipochuchumaa!"

"Mimi nachukua Porsche," Daktari alisema. "Pole, fundi."

Nyundo alikuwa anatabasamu hadi masikioni.

"Umekosa mnunuzi, unachekelea nini?" Bi Sumaku alimuuliza.

"Nilikuwa naogopa utanyamaza kwa ajili yangu. Hapo ningemwoa nani?"

Bi Sumaku alimkumbatia mbele ya mzee wa watu, ovaroli kwa ovaroli. Daktari akajifanya anakagua matairi.

Wiki tatu baadaye maharusi walifika ukumbini ndani ya Benzi iliyokosa mnunuzi, na aliyeshika usukani ni bibi harusi mwenyewe.