Kibuyu Chini ya Kiti cha Profesa

"Rudisha nyuma," nilimwambia Primus. "Hapo kwenye kibuyu."

Akacheka, akarudisha. Tulikuwa sebuleni kwake Moshi mjini, wiki mbili kabla ya harusi yetu, tukiangalia tamthilia ya zamani ambayo televisheni imeanza kuirudia. Inaitwa Shahada ya Kuazima, imetokana na riwaya ya kuwakejeli wahadhiri wa chuo kikuu. Miaka ishirini iliyopita nchi nzima iliipenda. Mimi sikuwahi kuiona, maana nyumbani Kirua Vunjo hatukuwa na umeme.

Msichana aliingia ofisini kwa profesa na mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa mgando. Akajilegeza, akataka kumkalia mapajani, akafukuzwa. Alikimbia akakisahau kibuyu chini ya kiti. Vicheko tele.

Msichana yule ni mimi, ila mimi sikujilegeza kwa mtu. Mhadhiri aliniita ofisini, nami kwa malezi ya kwetu nisingeenda kwa mkubwa mikono mitupu. Ndizi alizikata baba mwenyewe. Yule mzee akafunga mlango kwa ufunguo, nikapigana naye, nikatoka mbio, kibuyu kikabaki chini ya kiti. Akanifelisha, nikarudi kijijini. Nilimsimulia mtu mmoja tu, mpenzi wangu wa chuoni, tuliyekuja kurudiana ukubwani, na huyo sasa alikuwa ameshika rimoti.

"Riwaya hii kaandika nani?"

"Mtu fulani, alitumia jina la bandia."

"Primus."

Akaiweka rimoti mezani.

"Ni mimi. Lakini Yudi, ile ni kejeli tu. Nilikuwa nawacheka maprofesa."

"Profesa wako kamfukuza msichana. Hapo anayechekwa ni nani?"

"Mchapishaji alisema nikiiandika ilivyotokea, watu hawatacheka."

Ndipo nikamkumbuka baba. Mwaka ule tamthilia ilipoonyeshwa, alikwenda kuangalia televisheni kwa jirani; ndizi alizikata yeye, na kibuyu alijua hakikurudi nyumbani. Tangu siku hiyo hakupokea tena maziwa mkononi mwangu. Alikufa bila kuniambia nimemkosea nini.

Nilipanda gari nikarudi kwa mama. Meseji ikanikuta njiani: "Tusivunje ndoa kwa mchezo wa TV. Nakupenda."

Nikamjibu: "Tangaza kwa jina lako kwamba msichana alikataa."

"Watu wa televisheni wananitaka niandike msimu mpya. Nikisema sasa nitaharibu kila kitu. Tufunge ndoa kwanza, Yudi."

Hapo ndipo hasira yangu ilipokomaa. Ningeweza kumvumilia mwoga, lakini huyu alikuwa anaendelea kula kwa aibu yangu.

Ijumaa akaja na baba yangu mdogo, Elisaria, wameshika isale, jani tunaloombea msamaha huku mlimani. Kulikataa ni aibu ya ukoo mzima, na Primus alilijua hilo vizuri.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Isale halirudishwi, unajua."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Primus akashusha pumzi, na kabla chai haijaiva alikuwa ameshaanza kuzungumzia suti.

Jumapili mchungaji alisoma tangazo letu la ndoa kwa mara ya tatu, akauliza kama yupo mwenye pingamizi. Nikasimama.

"Yuditha, wewe si ndiye bibi harusi?"

"Ndimi, mchungaji. Isale nimelipokea na nimemsamehe. Lakini siolewi naye. Alinitungia uongo, baba yangu akafa akiuamini."

Primus, aliyekaa pembeni yangu, akanivuta sketi, akaninong'oneza nikae, nisimdhalilishe mbele za watu. Nikautoa mkono wake.

Kutoka benchi la akina mama, mama yangu akainuka taratibu.

"Uongo gani, mwanangu?"

Kwa miaka ishirini hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia yote, kuanzia ndizi alizokata baba hadi mlango uliofungwa kwa ufunguo, na safari hii hakuna aliyecheka.