Beringi za Pikipiki ya Kibirichia

Jua lilikuwa linatua nilipomwona ndugu yangu mdogo, Njagi, akiisukuma pikipiki kuja kwenye karakana yangu hapa Karurumo. Nilikuwa nishanawa mikono. Fundi akishanawa mikono hapendi kuona mtu, hata awe mtoto wa mama yake.

"Imeanza kulia tena, Kivuti. Nifanyie tu leo, kesho niko na mzigo wa miraa wa kutoa mjini Maua."

Alisema kwa shida, maana kinywani hakukubaki kitu. Tangu anunue ile pikipiki, meno yalikuwa yakimtoka moja moja, bila maumivu, bila damu. Analala nalo, anaamka halipo, na kwenye mto hulioni. Watu walisema ni miraa. Mimi nilisema hivyo hivyo, tena kwa kumcheka.

Kicheko kilikuwa kimeisha. Njagi hakuweza kutafuna hata ndizi ya kuchemsha. Mama yetu, Wambeti, alimpondea kila kitu, naye alimeza kidogo akasukuma sahani. Suruali aliifunga kwa kamba. Daktari alisema fizi ni safi, akampa vitamini. Mama alishaanza kuomba kwa sauti usiku, asizike mtoto aliyekufa njaa huku chakula kiko mezani.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kubwa, kuukuu, ya Kiitaliano. Haina cheni ya taimingi, ina mkanda wa mpira unaopita juu ya beringi mbili ndogo. Aliinunua kwa mzee mmoja mkulima wa viazi huko Kibirichia, kwa bei iliyotufanya tushangilie badala ya kuuliza.

"Huyo mzee alisema beringi zikilia zisifunguliwe na fundi mwingine ila yeye," Njagi aliniambia nikitoa kifuniko. "Lakini simu yake haishiki. Nikaona ninunue mpya tu."

"Mafundi wote wana wivu," nikamjibu. "Washa."

Masikio yangu yameharibiwa na injini, kwa hiyo beringi huzisikiliza kwa meno. Nauma mpini wa bisibisi, ncha naigusisha kwenye chuma, mlio unapita kwenye mfupa. Niliuma. Nikagusisha.

Kutafuna...

Polepole, mdomo wazi, kama mzee anayekula peke yake.

Kisha ikaja ladha. Sijui ilipitaje kwenye mpini, lakini ilikuja. Ladha ya mdomo wa mtu aliyelala na nyama kwenye meno. Nikatema. Nikatema tena. Mate yangu yalikuwa na mafuta.

"Zima! Zima hiyo kitu!"

Niliulegeza mkanda, nikang'oa beringi ya kwanza, nikabandua mpira unaoifunika. Harufu ilinipiga usoni. Ilikuwa harufu ya kichwa cha mbuzi kilichosahaulika kwenye gunia. Mle ndani hamkuwa na grisi. Mlikuwa na mafuta ya manjano, laini, ya vuguvugu, yenye mvi ndani yake. Nilipangusa kwa kitambaa nione gololi.

Hazikuwa gololi.

Yalikuwa meno. Yamepangwa kwa mduara, mengine meusi, mengine madogo ya mtoto. Moja lilikuwa limemeguka pembeni. Nalijua lile jino. Njagi alilimegua alipoanguka kutoka kwenye mparachichi wa nyumbani.

Nilitapika palepale, karibu na kiatu changu.

"Tunayachoma," nilisema. "Sasa hivi."

Nilienda kuchukua petroli. Niligeuka nikamkuta amechuchumaa, lile jino lake mkononi. Hakulipangusa. Alilisukuma kwenye fizi kwa kidole gumba.

Tk.

Likashika. Alilivuta, halikutoka. Machozi yakamtiririka. "Kivuti, ona. Limekaa." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimsaidia kutafuta mengine yake kwenye yale mafuta, kwa vidole hivi hivi. Beringi ya pili tuliibandua pamoja.

Yake yaliisha. Mapengo yalibaki.

Akachukua jeusi.

"Hilo si lako!"

"Niko na njaa," alinong'ona.

Tk. Akachukua la mtoto. Tk. Mafuta yalimchuruzika kidevuni, naye akayarudisha mdomoni kwa ulimi. Unywele wa mvi ulinasa katikati ya meno mawili. Hakuutoa. Aliponiangalia akitabasamu, mdomo ulikuwa umejaa, na niliona haya kumtazama, kama nimemkuta mtu uchi.

Nilifunga zile beringi mpya alizonunua. Nikawasha. Pikipiki ilinguruma safi kabisa, haina mlio, haina harufu. Kazi nzuri. Sijawahi kuchukia kazi yangu kama siku ile.

Nyumbani Mama alikuwa amepika mahindi na nyama ya mifupa. Njagi aliketi bila kuombea chakula. Aliuma mfupa, ukavunjika. Akafyonza. Akauma mwingine. Mama aliinua mikono.

"Asante Yesu! Ona anavyokula! Kivuti, umempatia dawa gani?"

Nilikuwa nimeziba mdomo kwa kofia yangu. Mate ya Njagi yalitoka na mchuzi yakadondoka mezani, naye akayafuata kwa kidole. Alimaliza sahani. Akaisukuma kwa Mama, akasema aongezewe.

Alisema kwa Kimeru, lugha ya huko Kibirichia. Kwetu ni Kiembu tu, na Njagi hakuwahi kujua Kimeru cha kutosha kununua hata maji. Na sauti ilikuwa ya mzee.

Mama alisikia. Upawa ulisimama hewani. Aliniangalia, kisha akamwangalia yule aliyekaa kwenye kiti cha mwanawe, mashavu yakiwa yameanza kujaa.

Akapakua.