Aliyekuwa Chini ya Gari

Jioni ile nililipeleka gari gereji kwa jambo dogo tu. Breki zilikuwa laini. Ukikanyaga, pedeli inazama kwanza kama unakanyaga godoro, ndipo gari linakumbuka kusimama. Hapa Mbinga mjini unaweza kuvumilia. Kwa mteremko wa kushuka ziwani huvumilii, na asubuhi yake nilitakiwa kushuka kumchukua mke wangu, Rukaiya.

Gari lenyewe nililipenda, sitasema uongo. La spoti, jekundu, milango miwili, limelala chini utadhani linanusa lami. Nililinunua mkononi kwa mtu wa Songea aliyeapa kwamba limetoka bandarini moja kwa moja. Sokoni walinicheka mpaka wakachoka. Ismaili muuza khanga na gari la vijana! Wakaliita Kobe, maana kila tuta lilikuwa linalikwaruza tumbo. Niliwaacha wacheke. Tangu lami ifike Mbamba Bay, kule ziwani, nilijiambia, Kobe amepata barabara yake.

Fundi wangu alikuwa Methodi, Mmatengo mpole asiyependa maneno mengi. Alishanibadilishia oili, plagi, pedi za breki na bushi za mbele, na kila akifungua kitu alikuwa ananiita nitazame. Reli za viti zilikuwa na kutu. Taa ya nyuma ilikuwa na maji ndani yasiyokauka hata akiianika juani. Chini ya kapeti, mchanga.

"Mchanga mweupe hivi, Ismaili, si wa huku milimani," aliniambia.

"Gari limekaa Dar, fundi. Kule si pwani?"

Akalirudishia kapeti mahali pake. Mimi nikaona nimejibu vizuri sana.

Rukaiya alikuwa na mimba ya miezi minane. Alishuka kumwuguza mama yake, Bi Biubwa, kwenye kijiji kimoja ukingoni mwa ziwa, upande huu wa Mbamba Bay. Mtoto wetu wa kwanza tulimzika kabla hatujampa jina. Safari hii tulikubaliana ajifungulie Mbinga, karibu na hospitali na karibu na mimi. Sikuwa na dua nyingine mwaka ule. Nisizike tena, basi.

Sasa, kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, fundi analala chini ya gari. Fundi anasema "kanyaga". Wewe unakanyaga mara kadhaa, unaitika "tayari". Anasema "shikilia". Unaibana pedeli, yeye anafungua nati ndogo kwenye gurudumu, oili inaruka pamoja na hewa iliyonaswa ndani. Anafunga. Ndipo anasema "achia". Mguu hauutoi kabla hajasema. Ukiutoa, hewa inarudi na kazi yote imeharibika.

Tulimaliza magurudumu ya nyuma. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshasomwa, giza linaingia, na gereji haikuwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimeinamia simu, nikimwandikia Rukaiya kwamba kesho tutapanda wote.

"Kanyaga..."

Sauti ilitoka chini, upande wa kushoto mbele. Ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyetoka usingizini. Nikakanyaga.

"Tayari!"

"Shikilia..."

Nikashikilia. Nikasikia nati ikilegea. Nikasikia kitu kinamwagika kwenye beseni, kingi, si kama oili inavyotoka. Na harufu ikapanda. Matope. Matope na usipa wabichi, dagaa wale wa ziwani wanapoanikwa mchangani. Nikajiuliza Methodi kala nini mchana.

"Achia..."

Nikaachia.

"Kanyaga..."

"Tayari!"

"Shikilia..."

Safari hii ikawa ndefu. Mguu ukaanza kutetemeka. Beseni lilikuwa bado linajaa, nasikia maji yanavyopanda.

"Fundi, bado?"

Kimya.

"Fundi..."

Nikainua macho.

Methodi alikuwa anavuka barabara.

Alikuwa anatoka dukani, kopo la oili ya breki mkononi, anakuja taratibu. Akaniona kupitia kioo, akaninyooshea kopo kunionyesha kwamba amelipata.

Mguu wangu ukatoka wenyewe kwenye pedeli. Na chini ya kiti changu... kitu kikavuta pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu aliyeibuka kutoka majini.

Sijui niliufungua mlango vipi. Nilijikuta nimemshika Methodi shati.

"Nani yuko chini ya gari?"

"Hakuna mtu. Nilikuwa pale dukani, nilikuaga."

Akapiga magoti, akamulika na tochi. Hapakuwa na mtu. Spana ilikuwa imeng'ang'ania kwenye nati ya gurudumu la mbele, gurudumu ambalo hatukuwa tumeligusa. Beseni lilikuwa limejaa pomoni. Maji meupe, safi, na mchanga umetulia chini yake.

Methodi alizima tochi. Akafanya ishara ya msalaba.

"Umemwitikia?" akanong'ona.

"Nimesema tayari, kama tunavyofanya..."

"Akasema achia?"

"Mara ya kwanza. Ya pili nimekuona, nikaachia mwenyewe."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha kuliko beseni.

Simu ikaita. Nilishtuka nusura niitupe. Alikuwa Bi Biubwa.

"Ismaili mwanangu, Rukaiya ameshikwa na uchungu. Chupa imepasuka. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya, apandishwe Mbinga haraka. Gari hapa hatujapata. Njoo, baba. Njoo sasa hivi."

Niliwapigia watu wawili wenye magari. Mmoja yuko Songea, mwingine simu haipokelewi.

"Usiliendeshe hili," Methodi alisema. "Chukua pikipiki yangu."

"Nimpakie Rukaiya kwenye pikipiki, fundi? Na uchungu wake?"

Methodi akainama kwenye gurudumu. Alifunga nati, akajaza oili, akashusha jeki. Nikajaribu pedeli. Ilikuwa ngumu, imara, breki nzuri kuliko zote nilizowahi kukanyaga. Nilimwomba tufuatane. Akatikisa kichwa, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Nikaondoka peke yangu. Nilisoma kila nilichofundishwa madrasa, nikachanganya aya, nikaanza upya. Nilifungua vioo vyote viwili, lakini harufu ya usipa haikutoka. Nilikuwa naogopa, naogopa kama mtoto, na bado nilikuwa nakanyaga mafuta, kwa sababu kila nilipofumba jicho niliona kile kikaburi kidogo cha mwanzo.

Milima ikaanza kushuka. Kona ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Kwenye kona kali, pale bonde linapofunguka na ziwa unalihisi bila kuliona, sauti ikaja. Haikutoka nyuma wala nje. Ilitoka chini ya nyayo zangu.

"Kanyaga..."

Nikakanyaga. Wallahi sikutaka, mguu ulikwenda.

"Shikilia..."

Gari likasimama katikati ya kona, pua imeelekea bondeni. Injini ikazima. Taa zikafifia, zikabaki kama makaa.

Nikasubiri. Hakikuja kitu. Nilijaribu kuinua mguu ili niwashe, na gari zima likasogea mbele, shubiri moja tu, kokoto zikaporomoka bondeni. Nikabana tena. Breki ya mkono niliivuta, ikaja mkononi bila uzito, kama kamba iliyokatika. Mguu ulianza kufa ganzi. Simu ilikuwa inaita kwenye kiti cha pili, jina la Bi Biubwa linawaka, na siifikii.

Nikalia. Sioni haya kusema. Nililia kwa sauti.

"Niachie," nikasema. "Tafadhali. Mke wangu anajifungua. Niachie niende."

Simu ikakatika. Kukawa kimya, ila maji yakidondoka mahali fulani chini ya gari... tone... tone...

Kisha ikauliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Nani atashika?"

Mtu aliyebanwa hivyo hafikirii. Anataka kutoka.

"Mwingine," nikasema. "Mwingine atashika."

Tone. Tone.

"Achia..."

Nikaachia. Gari halikusogea. Injini ikawaka mara moja, taa zikarudi, na harufu ikaondoka, imefagiliwa yote. Nilishuka mlima uliobaki bila kusikia chochote. Nilikuwa nimefurahi. Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka peke yangu.

Bi Biubwa alinipokea mlangoni na taa mkononi, anapiga vigelegele. Mtoto alikuwa ameshazaliwa. Wa kike, mzima, analia. Mkunga hakuelewa. Mtoto aliyekaa vibaya alikuwa amegeuka ghafla na kutoka.

Nilikaa pembeni ya kitanda, nikamshika Rukaiya mkono. Alikuwa hoi, lakini anatabasamu.

"Ulikuwa unanong'ona nini chini ya kitanda?" akaniuliza.

"Mimi?"

"Nilikuwa nimeishiwa nguvu. Nikasikia sauti yako chini, inaniambia shikilia, shikilia. Nikashikilia. Halafu ukasema achia. Hapo hapo akatoka."

Nilimwambia alikuwa anaota, uchungu unafanya hivyo. Nikauachia mkono wake, nikatoka nje.

Tulirudi Mbinga kwa gari la kukodi. La kwangu nililiacha pale pale uani, Bi Biubwa amelifunika turubai, na ananiambia hata kuku hawaingii chini yake. Methodi alikuja dukani kwangu baada ya muda. Alikuwa amemtafuta fundi mwenzake wa kule Ngumbo, mwambao wa ziwa, naye akamsimulia habari ya zamani kidogo. Fundi mmoja alikuwa anatoa upepo kwenye breki za gari la mgeni, ufukweni, palipoinamia maji. Mwenye gari yuko kwenye usukani. Fundi akamwambia shikilia. Mwenye gari akachoka, au akashtuka, hakuna ajuaye. Akatoa mguu, akaruka nje. Gari likaingia ziwani na mtu chini yake. Baadaye gari lilivutwa likatoka. Mtu hakuonekana.

"Lilikuwa jekundu?" nikamwuliza.

"Rangi hakuniambia," alisema Methodi. "Na mimi sikuuliza."

Mtoto tulimwita Tunu. Sasa ana miaka mitatu, ana afya, ana maneno mengi, ananipenda kuliko mama yake. Ila neno nililolitoa pale kwenye kona lilinikaa, na kitu kimoja nikakikataza nyumbani kwangu. Binti wa watu akiitwa huitika "abee", ndivyo tunavyolea. Mimi nilisema Tunu asifundishwe kuitika. Rukaiya alikasirika, majirani wakasema mtoto wangu hana adabu. Nikawaacha waseme. Asiyejua kuitika, nilijipa moyo, hawezi kuitwa.

Jana magharibi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, anachezea vifuniko vya soda. Mimi nilikuwa natia udhu. Mama yake yuko jikoni. Hakuna aliyemwita.

"Abee," Tunu akasema.

Akavisukuma vifuniko pembeni. Akanyoosha mguu wake wa kulia, akaubana kwenye ngazi ya chini, kwa nguvu zake zote, mpaka goti likaanza kutetemeka. Aliutazama mguu ule kwa makini kama mtu aliyepewa kazi.

Birika lilinitoka mkononi. Nikapiga magoti mbele yake, nikaushika ule mguu. Ulikuwa wa baridi, na sikuweza kuuinua.

"Achia, mwanangu," nikamwambia. "Achia, Tunu. Baba anasema achia."

Akatikisa kichwa.

"Siyo wewe," akasema.