Ukungu wa Sebuleni

Rafiki yangu mpiga picha si mtu wa kuzusha. Alasiri hiyo, macho yamemchoka, alikuwa akiondoa ukungu kwenye picha arobaini za milima kwa kompyuta. Akaamua azimalize kwa mpigo mmoja, akasahau kuwa kati yazo imo ya mama yake, ameketi sebuleni. Ukungu ulipotoka, kiti pichani kilikuwa kitupu.

“Mama?”

“Niko jikoni, mwanangu, naosha vyombo,” alijibiwa, ndala zikiburuzika sakafuni.

Akarudisha ukungu. Mama akaonekana kitini.

“Uchovu tu huu,” akajisemea, akauondoa tena, polepole. Mama akafifia kuanzia miguuni. Na kule jikoni ndala zikanyamaza, bomba likabaki linamwaga maji.